Yoga kwa anayetembelea magongo

Dada, umeuliza kama mguu uliodhoofu na kufupika kwa polio, pamoja na magongo unayotembelea, vinakufungia mlango wa yoga. Havikufungii. Matthew Sanford wa Marekani alipooza kuanzia kifuani kwa ajali ya gari mwaka 1978, akiwa na miaka 13, akaja kuwa mwalimu wa yoga.

Ila usikimbilie darasa lolote tu. Mpigie mwalimu kwanza, muulize kama ameshafundisha mtu wa magongo na atakubadilishia nini. Akikujibu "njoo tu, utazoea," mimi ningetafuta mwingine.

Wengi husahau mabega. Magongo yanayachosha kutwa nzima, kwa hiyo mikao ya kubeba mwili kwa viganja iweke kando kwanza. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, kaa mbele kidogo, nyayo zikanyage chini (ule mguu mfupi uwekee kitabu kinene). Shika kanga iliyokunjwa, mikono iachane zaidi ya upana wa mabega, uinue taratibu ukivuta pumzi, ushushe ukiitoa. Kanga hiyohiyo ipitishe chini ya unyayo unapounyoosha mguu.

Misuli iliyopigwa na polio haitaki kuchoshwa mpaka itetemeke. Ukiamka kesho yake umechoka kuliko kawaida, punguza. Na kama udhaifu umeongezeka miaka ya karibuni, muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla hujaanza.