Barua kwa mwanangu: kabla hujauliza bei ya ekari

Lancaster, Pennsylvania

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusikiliza nikiwa nimeegesha gari nje ya duka la mbao, nikiwasubiri abiria wangu Waamishi, wale Wakristo wa vigari vya farasi wanaoshika desturi za kale. Umeniuliza: "Baba, wewe unawaendesha Waamishi kila siku. Wao wanapataje ardhi ya bei nafuu? Na sisi tukinunua ile nyumba yao isiyo na umeme kule Holmes County, Ohio, tutakuwa tumekosea?" Nikaona hili si jambo la kujibu kwa simu huku nikisikia honi za Columbus nyuma yako. Kaa chini, mama, usome taratibu.

Hapa Lancaster, Waamishi hawana ardhi ya bei nafuu. Ekari moja ya shamba mnadani hupita dola 20,000, na mara nyingi wanaopandishiana bei ni wao kwa wao. Shamba la familia ni ekari 50 au 60, watoto ni sita au saba, na idadi yao huongezeka maradufu kila miaka 20 hivi. Leo wamepita watu 400,000, karibu wote Marekani na Kanada. Mimi niliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, sihitaji kuelezwa hesabu hiyo. Kihamba cha babu yako, lile shamba la ukoo, kiligawanywa, kikagawanywa tena, mpaka masale, ile mimea ya mpakani, yakafika karibu na mlango wa jiko. Baba zako wadogo wakashuka Arusha, wakashuka Morogoro. Waamishi wa hapa nao wanashuka: mwaka 1989 wengine walikwenda Kentucky, 1991 Parke County kule Indiana, 1994 Wayne County, hukohuko Indiana. Na kama kwetu nyumba ya wazazi inavyobaki kwa kitinda mimba, kwao pia mara nyingi mtoto wa mwisho ndiye anayeachiwa shamba, wazee wakahamia kijumba kilichojengwa ubavuni.

Kwa hiyo ardhi ya bei nafuu wanaifuata mbali. Nimewapeleka mara nyingi, maana wao hawaendeshi magari, na mimi hulipwa kwa maili. Ninachotaka ukijue nilikiona katika safari moja.

Machi mwaka juzi niliwachukua wazee watatu na vijana wawili kwenda kuangalia shamba katika bonde la mto Mohawk, jimbo la New York. Tuliondoka saa tisa usiku. Tulipofika nilidhani wataanza na nyumba. Hawakuigusa. Mzee mmoja alitoa sepetu nyuma ya gari, akaenda katikati ya shamba, akachimba shimo la kufika magotini. Akachukua konzi ya udongo wa chini, akaunusa, akauviringisha kiganjani kama tonge la ugali, kisha akampa kijana naye auviringishe. Mwingine alitega ndoo kwenye chemchemi, akatoa saa ya mfukoni, akasubiri ijae. Nyumbani waliingia mwishoni, na walishuka moja kwa moja chumba cha chini ya ardhi wakapapasa kuta kutafuta unyevunyevu. Halafu wakavuka barabara kwa jirani kumuuliza mto ukifurika maji hufika wapi.

Udongo mzuri, maji mazuri, na bei ni sehemu ndogo tu ya bei ya Lancaster. Nilijua wamepata. Lakini njia nzima ya kurudi bei haikutajwa. Wanazungumza Kijerumani chao, ila majina ya watu unayatambua, na kwenye kioo nilikuwa naona vidole vikihesabu. Familia saba zilikuwa zimekubaliana kuhama pamoja, na mbili zimerudi nyuma. Tulipopita Scranton wote walikuwa wamenyamaza. Wiki mbili baadaye mzee akanipigia kutoka kwenye ile simu yao ya kibandani: hawanunui. Familia tano ni chache mno.

Nilishangaa, mpaka nilipokaa nikafikiri jinsi wanavyoishi. Ibada hufanyika nyumbani kwa mtu, kila baada ya wiki mbili, kwa zamu. Mabenchi huzungushwa kwa mkokoteni kutoka nyumba hadi nyumba. Farasi wa kigari hutembea kama maili kumi tu kwa saa, basi mhunzi na mkunga lazima wawe karibu. Watoto husoma mpaka darasa la nane katika shule yao wenyewe, na mwalimu analipwa na wazazi. Hawakati bima kama sisi. Banda likiungua, watu huja na nyundo. Tangu 1965 sheria imewaruhusu waliojiajiri kujitoa katika mafao ya uzee ya serikali, kwa hiyo uzeeni unabebwa na wanao na kanisa lako. Mzigo huo familia tano zitaubebaje? Makazi yao mengi yaliyoanzishwa na familia chache, kwenye ardhi ya bei nafuu kabisa, yalikufa, watu wakarudi walikotoka.

Sasa nyumba yenu. Umeandika kwamba mnatafuta "maisha rahisi". Mama, saa kumi alfajiri mtu ameshaamka kukamua, baridi ikiwa inakata masikio. Na hata hivyo kilimo peke yake hakiwalishi wengi wao. Huyu seremala, yule fundi wa mapaa, mwingine anatengeneza fenicha. Mkihamia kule mumeo atafanya kazi gani, na ni mwendo gani kila siku? Hilo sijalisikia katika ujumbe wako.

Nyumba yenyewe huenda ikawa imara. Useremala wao nauamini. Kutokuwa na umeme si ubovu. Wao hawasemi umeme ni dhambi, wanachokataa ni kufungwa kwenye nyaya za dunia, ndiyo maana utakuta friji ya gesi na hata sola, kadiri Ordnung, yaani kanuni za kanisa lao, inavyoruhusu. Lakini wewe utahitaji kuvuta umeme, kisha kupitisha nyaya katika kila ukuta. Pima umbali kutoka nguzo ya mwisho hadi mlangoni, uliza gharama, uijumlishe kwenye bei kabla ya kusema ni nafuu. Kaulize benki leo kama itakopesha nyumba isiyo na nyaya. Maji ya kisima yapimwe, na karo la choo likaguliwe na mtu mliyemchagua nyinyi, si dalali. Na katika hati angalieni haki za madini: mashariki ya Ohio kuna gesi chini ya miamba, na wapo walionunua ardhi ya juu tu, ya chini ikiwa ilishauzwa zamani.

Hayo yana dawa. Linaloniamsha usiku ni lile la vidole kwenye kioo. Barabara ile mtakuwa Waafrika peke yenu. Majirani Waamishi watawapa mkono na mikate, ni watu wema, nawajua, lakini hawatawahesabu kama wao, na ibada ya Kiswahili itabaki Columbus, karibu saa mbili kwa gari. Mjukuu wangu akiugua usiku wa theluji, mumeo yuko kazini, utagonga mlango wa nani? Nataka majina, mwanangu. Je, yule rafiki yako na mumewe, ambao nao wanalalamika kodi ya nyumba, mmewauliza? Dada wa mumeo je? Hata nyumba tatu kwenye barabara moja ningelala usingizi.

Lipo gazeti lao, The Budget, linachapishwa Sugarcreek, hukohuko Ohio, tangu 1890. Watu wa kila makazi huandika humo nani amezaliwa, nani kahama, mvua imenyesha wapi. Nunueni nakala mbili tatu, mtajua nani anauza kabla dalali hajajua.

Msitie sahihi yoyote kwa sasa. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka sina abiria. Nitakuja, twende Holmes pamoja, na hao marafiki zako waje, nafasi garini ipo. Sepetu ninayo.

Mbusu mjukuu wangu, na mkwe nimemsalimu.

Baba yako