Usisubiri paneli za maabara: sola ya boma la mama Butere na mashine ya kuangua vifaranga

Mwalimu, swali lako lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni lile la kichwa: umesoma kwamba watafiti wamepata sola inayogeuza zaidi ya asilimia 34 ya mwanga kuwa umeme, na zile unazoonyeshwa madukani Kisumu zimeandikwa asilimia 21 au 22, sasa unauliza kama umfungie mama sola mwaka huu au usubiri miaka miwili mitatu. La pili umeligusa tu kwa kupita: mama anataka kuanza kuangua vifaranga, na stima huko Butere hukatika mvua ikitishia tu. Kazi yangu ni kufunga sola, Kisumu, Vihiga na Kakamega, na hilo la pili ndilo linalonishughulisha zaidi. Jibu langu ni usisubiri. Pesa ambayo ungeiwekea paneli ya kesho, iweke leo kwenye betri na kwenye kinga ya radi.

Habari uliyosoma ni ya kweli. Kampuni ya LONGi ya Uchina ilitangaza seli, yaani kile kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme ndani ya paneli, ya asilimia 34.6 mwezi Juni 2024, na mwaka 2025 ikafika 34.85. Ni seli ya tabaka mbili: juu kuna perovskaiti, fuwele ya kutengenezwa inayodaka mwanga vizuri, chini kuna silikoni ile ile ya paneli za madukani. Silikoni peke yake, hata ikitengenezwa bila kasoro yoyote, haiwezi kupita takriban asilimia 29.4. Mwanga wa buluu una nguvu kuliko silikoni inavyoweza kutumia, na ile ziada inapotea kama joto. Perovskaiti inaudaka huo mwanga wenye nguvu na kuuacha mwekundu na ule usioonekana kwa macho ushuke hadi kwa silikoni. Kila tabaka linakula linachokiweza. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani walipochapisha matokeo ya perovskaiti kwenye seli ya sola, walikuwa wamepata asilimia 3.8. Leo perovskaiti ikiwa peke yake imevuka 26. Silikoni ilianza na asilimia 6 hivi katika maabara za Bell kule Marekani mwaka 1954, na ilichukua miongo mingi kufika hapo. Kwa hiyo sidharau utafiti huu hata kidogo. Naufuatilia kwa hamu kubwa.

Ila angalia kilichopimwa. Seli ile ya asilimia 34.6 ina ukubwa wa sentimita moja ya mraba. Paneli unayoipandisha juu ya mabati ina karibu mita mbili za mraba, na kusambaza tabaka jembamba namna hiyo sawasawa kwenye eneo lote, bila tundu wala doa, ni kazi nyingine kabisa. Oxford PV, ambao kiwanda chao kiko Brandenburg nchini Ujerumani, walituma paneli zao za kwanza za kibiashara za aina hii Septemba 2024, kwa kampuni ya umeme ya Marekani. Ufanisi wa paneli nzima ulikuwa asilimia 24.5. Ni hatua kubwa, lakini ona umbali ulioko kati ya 34 ya maabara na 24.5 ya paneli iliyouzwa.

Halafu kuna suala la umri. Perovskaiti huharibiwa na unyevu, joto, hewa ya oksijeni na miale mikali ya jua, na nyingi zina madini ya risasi ndani yake. Butere ina vyote hivyo vinne, tena mara nyingi ndani ya siku moja: asubuhi ukungu, saa sita jua la kuchoma, saa tisa mvua ya radi. Paneli ya silikoni inauzwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, na hupungua nguvu kwa takriban nusu ya asilimia kila mwaka. Tunajua hivyo kwa sababu zipo zilizokaa juani miaka yote hiyo. Perovskaiti bado haijakaa juani muda huo. Mimi siwezi kumfungia mama wa mtu kitu ambacho umri wake unakisiwa kutoka kwenye majaribio ya haraka ya maabara.

Lakini hata tuseme paneli ya asilimia 34 imefika Kisumu kesho, kwa bei nzuri, na inadumu. Mama angepata nini? Fanya hesabu. Kwa mahitaji uliyoyaeleza, nitakuja kwayo chini, anahitaji paneli za wati 1,200 hivi. Kwa ufanisi wa asilimia 22 hizo zinachukua mita za mraba tano na nusu. Kwa asilimia 34 zinachukua tatu na nusu. Faida yote ni mita mbili za mraba za mabati. Nyumba ya vyumba vitatu ina mabati mara kumi ya hapo, na yanapigwa na jua bure. Wati 1,200 ni wati 1,200, ziwe kwenye paneli kubwa au ndogo. Ufanisi mkubwa unamsaidia mtu aliyebanwa na nafasi: mwenye ghorofa Milimani ambaye paa moja linagawanywa na wapangaji wengi, au mtu anayetaka kuweka sola juu ya tuktuk. Boma la Butere halijabanwa na nafasi.

Tena kuna utafiti ambao tayari umeshafika dukani na watu wanaununua bila kujua. Paneli nyingi za sasa zina seli zilizokatwa nusu, ndiyo maana ukitazama kwa karibu unaona paneli ni kama mbili zilizounganishwa katikati. Kivuli cha mwembe kikifunika nusu ya chini, nusu ya juu inaendelea kufanya kazi. Za zamani zingelegea zaidi. Na ukiona zimeandikwa TOPCon, hizo ni silikoni ya kizazi kipya ambayo haiumii sana na joto. Chukua hizo kama bei inaruhusu.

Joto ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ile namba ya wati 400 nyuma ya paneli imepimwa seli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya mabati hapa kwetu saa saba mchana paneli inaweza kufika nyuzi 65. Kila nyuzi moja ya ziada inaondoa kama asilimia 0.35 kwa paneli za kawaida na karibu 0.3 kwa TOPCon, kwa hiyo paneli ya wati 400 inabaki na 344 au 352 kabla hata ya kuhesabu vumbi. Dawa yake haina gharama: fundi asilaze paneli juu ya bati. Aache nafasi ya kupitisha kiganja chote kati ya paneli na bati ili upepo upite chini. Ukipanda ngazi na kukuta vidole haviingii, mwambie arudie.

Kuhusu upande wa kuelekeza, usihangaike sana. Alama ya ikweta iko pale Maseno, na jua kwetu linapita karibu juu ya utosi mwaka mzima, mara upande wa kaskazini mara wa kusini. Kinachohitajika ni mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Paa lako la kawaida linatosha.

Sasa betri, na hapa ndipo ningekuomba usibane mkono. Yai la kuku linakaa mashineni siku 21. Umeme ukikatika usiku kwa saa nyingi, joto likashuka, mama anapoteza kundi zima la mayai, na hakuna paneli duniani inayozalisha usiku. Betri za risasi na asidi zinazouzwa kwa bei ya chini hazipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake. Ukizimaliza kila usiku zinachoka upesi sana. Nimetoa nyingi kwenye nyumba za watu zikiwa zimevimba pembeni, na mwenye nyumba anaapa kwamba sola ni ya uongo, kumbe sola iko sawa na betri ndiyo imekufa. Betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4, unaitumia hadi asilimia 80 au 90 na inavumilia maelfu ya mizunguko ya kuchaji. Kemia yake ilielezwa mwaka 1997 na kikundi cha John Goodenough kule Texas, yule aliyegawana Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu. Kwa hiyo ukitaka utafiti wa kufurahia, furahia huu. Mwaka 2010 wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila yuniti moja (kilowati-saa) ya hifadhi. Mwaka 2024 ulishuka hadi karibu dola 115. Bei ya duka la Kisumu ni juu ya hapo, kuna meli, ushuru na faida ya muuzaji, lakini mteremko ni ule ule. Kilichobadilisha sola ya kijijini ni huo mteremko, pamoja na taa za LED. Wavuvi wa omena walioacha karabai wakahamia taa za betri hawakusubiri paneli ya asilimia 34. Taa ilipunguza njaa ya umeme, betri ikawa nyepesi, kazi ikawezekana.

Hesabu ya boma lenyewe. Taa sita za wati 7 kwa saa tano ni yuniti 0.2. Televisheni na dekoda, 0.3. Simu na redio, 0.1. Friji ndogo nzuri, 0.6. Mashine ya mayai inawaka na kuzima yenyewe. Kama kwa wastani inavuta wati 50, hiyo ni yuniti 1.2 kwa siku, sawa na kila kitu kingine cha nyumba kikiwekwa pamoja. Jumla ni kama 2.4. Jua letu linatoa wastani wa saa tano za jua kali kamili kwa siku, toa upotevu wa joto, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani), unabaki na kama saa tatu na nusu. Kwa hiyo wati 700 zingetosha siku nzuri. Ninasema 1,200, yaani paneli tatu za 400, kwa sababu ya zile wiki za Aprili na Mei ambapo wingu halibanduki. Betri, nenda kwa ya volti 48 na ampea-saa 100, yaani takriban yuniti 5. Usiku mashine na friji na taa zitakula kama yuniti moja na nusu, na bado unaamka na akiba ya kuvuka asubuhi ya mawingu. Pasi na jiko la umeme zisiguse mfumo huu.

La mwisho ni radi, na nakuomba ulichukue kwa uzito. Ukanda huu wa ziwa, kuanzia Kisii hadi Kakamega, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Karibu na Luanda, hii ya Vihiga, niliitwa kwa nyumba ambayo radi ilipiga mkaratusi ulio nje ya ua. Haikugusa nyumba. Paneli zilikuwa nzima. Nilipofungua inveta nikakuta bodi imeungua doa jeusi pale pale nyaya za paneli zinapoingia. Fundi aliyeifunga alikuwa amepitisha waya wa chanya upande mmoja wa paa na wa hasi upande wa pili, akatengeneza duara kubwa juu ya nyumba. Radi haihitaji kukugonga. Ikipiga karibu, duara kama hilo linazalisha msukumo wa umeme lenyewe, na msukumo unamalizikia kwenye inveta. Nyaya mbili zitembee pamoja, zimeshikana, kutoka paneli hadi ndani. Kuwe na kifaa cha kuzuia msukumo wa radi upande wa paneli na kingine upande wa umeme wa nyumba. Fremu za paneli ziunganishwe kwa waya mnene hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa kwenye udongo wenye unyevu, si kwenye kokoto kavu karibu na msingi. Viungio vya nyaya za juu viwe vya aina moja pande zote mbili. Vikichanganywa huwa vinalegea, vinapata moto na kuyeyuka, na wengi huja kuviona baada ya harufu.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, na mwombe akuonyeshe kabla hajapanda ngazi. Aliyeisomea kazi hii hatakasirika kuulizwa.

Mwalimu, tuma hapa picha ya paa ukiwa umesimama uani, moja saa nne asubuhi na moja saa tisa, nione vivuli vya miti vinaangukia wapi. Piga pia picha ya kibandiko cha nyuma ya mashine ya mayai, kile chenye wati na volti. Nikiona hivyo nitakuchorea njia ya nyaya na mahali pa kuweka betri, umpe fundi wa huko.