Maigizo ya mwili kambini: anzeni na foleni

SWALI: Ninaongoza kikundi cha maigizo cha vijana, Wakongo na Warundi, katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Tunaandaa igizo kuhusu kuhama na kutafuta pa kuita kwetu, kwa mwili zaidi kuliko maneno, maana lugha zetu zinapishana. Kila mara tunaishia kubeba mabegi, kuinama na kulia. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, tazama kwanza umri wao. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kijana wa Kikongo wa miaka ishirini huenda alizaliwa hapo hapo. Safari mnayoigiza ni ya wazazi wake, naye anaonyesha huzuni aliyosimuliwa. Mwili wake unachokijua ni foleni ya mgao wa chakula. Wekeni mabegi chini, muanze na hiyo foleni.

Wasimame wakaribiane hadi kila mmoja asikie pumzi ya aliye nyuma yake, wakae hivyo dakika tano bila kuigiza chochote. Utaona uzito ukihama mguu hadi mguu, kiwiko kikilinda nafasi, shingo ikichungulia mbele. Chagueni vitendo vitatu, wote wavirudie kwa mdundo mmoja. Kisha mtoe mtu mmoja. Pengo linazibwa, au linaachwa? Sasa ajaribu kurudi. Usiwapangie matokeo! Suala la nani ana nafasi na nani hana limeshafika jukwaani, na hakuna aliyefungua mdomo.

Kuhusu lugha kupishana: Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo Mbrazili aliyekuwa uhamishoni, alikutana na hali hiyo Peru mwaka 1973, katika mpango wa kisomo cha watu wazima. Aliwaomba washiriki wawapange wenzao kama sanamu: hali ilivyo, hali wanayoitaka, kisha njia ya kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu, na igizo lenu limo humo. Mrundi ampange Mkongo, kisha wabadilishane.

Usimlazimishe yeyote kusimulia yaliyompata; atakayetaka atasema mwenyewe.

Mkifika kwenye kubebana, mbebaji akunje magoti na kunyoosha mgongo, anayebebwa akaze tumbo, maana anayelegea huwa mzito zaidi. Jaribuni kwanza kwenye nyasi, si kwenye saruji.