Kwa wadogo zangu mnaoanza kuhesabu ndege mashambani: angalieni nani hayupo

Wadogo zangu mnaokuja fildi kwa mara ya kwanza kusoma kilimo kinawafanya nini ndege, hasa mnaopangiwa milima ya Usambara Mashariki huku Amani, mkoani Tanga, neno langu kubwa ni hili: idadi ya spishi peke yake itakudanganya. Asubuhi utasimama kwenye shamba la migomba na mikarafuu utaandika shore, chozi, njiwa, mnana, chiriku, karatasi inajaa fasta, halafu unaingia msituni masaa mawili unasikia sauti tu na kuona wachache, ukirudi kambini unasema kumbe shambani ndege ni wengi kuliko msituni. Hapana. Wale wa shambani wengi utawakuta pia Muheza mjini, Korogwe mpaka Morogoro, lakini kati ya wale wa msituni kuna ambao duniani wanapatikana kwenye milima michache tu.

Kwa hiyo kwenye fomu yako ongeza kolamu mbili, anakula nini na anakula wapi: chini kwenye majani makavu, vichakani, au juu kabisa ya miti. Ukishajaza hizo utaona wanaoondoka kwanza ni wala wadudu wa chini, wanaopenda giza na unyevu. Hawa jamaa eneo la wazi hawalipendi kabisa, shamba la chai ambalo njiwa analivuka dakika moja kwao ni ukuta. Mtafiti William Newmark na wenzake wamekuwa wakinasa ndege kwa nyavu kwenye vipande vya msitu vya Usambara tangu 1987, na picha iliyotoka ni kwamba kipande kikiwa kidogo na kikiwa mbali na msitu mkubwa, ndege wa chini wanapungua.

Sasa kinachowachanganya wageni zaidi ni iliki. Mkulima anafyeka vichaka vya chini anaacha miti mikubwa itoe kivuli, yaani ukiwa barabarani au ukiangalia picha ya setilaiti unaona msitu mzima, hondohondo wanapita juu kama kawaida, lakini inama uangalie chini, kumepaliliwa, ndege wa chini atakula wapi? Usiandike "msitu" pale, andika iliki chini ya miti. Derema, msitu wa huku huku Usambara Mashariki, kulikuwa na iliki nyingi hivyo kabla wakulima hawajatolewa kwa fidia ili iwe hifadhi, na watu walipoteza mashamba yao kwa hiyo ukiuliza habari hizo uliza kwa heshima.

Na msidhani ni mambo ya msitu tu. Mwaka 2002 watafiti Sinclair, Mduma na Arcese walitoa matokeo ya Serengeti, ndege wa spishi zile zile walipohesabiwa kwenye mashamba idadi yao ilikuwa 28% tu ya walivyo kwenye nyika ya asili, na karibu nusu ya spishi za wala wadudu hawakuonekana kabisa mashambani. Na wala mbegu je? Nao karibu nusu! Mtu angetegemea penye nafaka wala mbegu washibe, kumbe wengi wanahitaji nyasi za asili na miti, sio mahindi.

Kwenye kuhesabu kwenyewe, jifunze sauti kabla ya darubini, maana msituni sikio ndio linafanya kazi. Shambani unaona mbali, msituni huoni, sasa usipoandika umbali wa kila ndege utalinganisha vitu visivyolingana, chukua wale wa ndani ya mita 50 tu, shambani na msituni. Na msianze msituni alfajiri kila siku halafu shamba mnalifikia saa nne jua limeshapanda, badilishaneni zamu.

Mwisho, kipande cha msitu kilichotengwa juzi bado kitakuwa na ndege, kwa sababu ndege mzima anaishi miaka kadhaa huku mayai kwenye viota vyake yanaliwa kila msimu na vifaranga hawatoki. Mtafute mzee wa hapo, shikamoo kwanza, umuulize pembeni palifyekwa lini, uandike mwaka hata wa kukadiria, maana kipande kilichobaki tangu enzi za Wajerumani na cha miaka mitano iliyopita huwezi kuviweka fungu moja kwenye uchambuzi.