Kabla ya Twisheni, Mpe Blanketi

Hivi karibuni nimepokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Chamwino ambaye mwanawe yuko kidato cha pili. Amemnunulia vitabu, amemlipia twisheni hata wakati wa likizo, na bado kijana anaiona fizikia kama adhabu. Ameniuliza mimi nililipendaje somo hili hadi nikalisomea chuo kikuu, na nadhani alitarajia nimtajie mwalimu hodari au kitabu fulani. Mimi nilivutwa na blanketi.

Nilikulia Kongwa, katika nyumba isiyo na umeme. Anayeijua Dodoma anaujua ukavu wa kipupwe chake: midomo hupasuka, ngozi hupauka, na usiku mtu hulala amejifunika gubigubi. Usiku mmoja wa Julai nilivuta blanketi kwa nguvu gizani, nikaona cheche za rangi ya samawati zikikimbia kwenye mikunjo yake, zikitatarika kama chumvi iliyotupwa motoni. Binamu yangu, ambaye tulikuwa tukilala naye, aliamua kwamba blanketi lina jini na akahamia chumba cha bibi. Hadi leo hapendi nilisimulie jambo hilo mbele ya mkewe.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio. Nilipomweleza, hakunicheka wala hakujifanya anajua, aliniambia tu, "Hebu lilete tulione." Usiku ule aliwasha redio yake ya zamani, akauzungusha mshale hadi mahali pasipo na kituo, kisha akaniagiza nilisugue blanketi na kulivuta karibu na redio. Kila cheche ilipotoka, redio ilikwaruza. Tuliendelea hadi bibi akatuamuru tulale, maana betri zilikuwa ghali. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Heinrich Hertz, huko Ujerumani, kati ya mwaka 1886 na 1888, alitumia cheche za umeme kuthibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio, nikajikuta nikicheka peke yangu maktabani.

Maelezo ya cheche zile si magumu. Nyuzi za viwandani, kama polyesta, zinaposuguana na shuka au nywele, elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na chaji hujikusanya pasipo pa kutokea, kwa kuwa hewa kavu haipitishi umeme kirahisi. Hewa huzidiwa inapofikia takribani volti 3,000 kwa kila milimita moja, na hapo ndipo cheche huruka. Kwa hiyo katika nyumba yetu ya giza palikuwa na volti zaidi ya mara kumi ya zile 230 zilizokuwa zikiwashia taa nyumba za mjini, na hatukudhurika kwa sababu tu chaji yenyewe ilikuwa ndogo mno na ilipita kwa muda mfupi sana.

Nilipokwenda Dar es Salaam kumtembelea shangazi, nilibeba blanketi lile lile ili niwaonyeshe watoto wake maajabu, lakini halikutoa hata cheche moja. Kwa nini? Swali hilo ndilo nililomuuliza mwalimu wangu wa fizikia sekondari. Alinijibu kwamba hilo halitoki kwenye mtihani, darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo nikaitwa Profesa Blanketi. Jibu lingemchukua dakika moja: unyevu wa pwani huacha utando mwembamba wa maji juu ya nyuzi, na chaji huvuja kabla haijajikusanya. Baadhi ya waliocheka leo huniletea watoto wao niwafundishe. Ninawapokea vizuri, ila sijasahau.

Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba alipitia makubwa kuliko hayo. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa, akauliza, akabezwa. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alilipeleka swali hilo maabara. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishania jambo hilo hadi leo. Mpemba mwenyewe aliishia katika kazi ya wanyamapori, nami sioni hasara yoyote hapo.

Sasa ndugu zangu wazazi, tuambiane ukweli. Tunalipa ada ya twisheni bila kunung'unika, lakini mtoto akiuliza kwa nini mtungi hupoza maji tunamwambia akasome. Tunataka tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kwa mtoto ambaye hajawahi kuruhusiwa kufungua redio mbovu. Mfungulieni. Mtoto akiuliza, ulizeni naye. Msipojua, jaribuni naye. Ushauri wangu wote ni huo, na nitaurudia kila nitakapoulizwa.

Dada yangu wa Chamwino, tumia miezi hii ya ukavu kabla mvua hazijaanza. Blanketi liwe la polyesta, kwa kuwa la pamba hushika unyevu. Tafuta redio ya zamani yenye masafa ya kati (MW), kwani FM huchuja mikwaruzo ya aina hiyo na haitakusaidia. Zimeni taa, na kijana alivute blanketi yeye mwenyewe. Akishaona, usimweleze sababu usiku huo huo.