Ghala la Mawe Halitaki Simiti

Msomaji mmoja wa hapa Lamu ameniandikia. Familia yao imerithi ghala la ghorofa moja upande wa pwani, na wanataka kuweka duka chini na mkahawa juu. Fundi amewashauri wapige plasta ya simiti kuta zote, kisha waondoe dari ya boriti na kumwaga slabu ya zege. Anauliza ni mifuko mingapi itatosha. Ndugu yangu, usinunue hata mmoja kwanza.

Ukuta wa ghala hilo ni mawe ya matumbawe, unene wake kama nusu mita, yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Unavuta maji kutoka chini na kuyatoa kwa hewa pande zote mbili. Tena sehemu kubwa ya ukingo wa pwani wa mji huu imejengwa juu ya ardhi iliyojazwa baharini tangu karne ya 19, kwa hiyo maji ya chumvi hayako mbali na msingi wako. Ukiupaka ukuta simiti, unaziba njia ya maji kutoka. Yatapanda juu zaidi kutafuta upenyo, na chumvi itaganda nyuma ya plasta mpaka ivimbe na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Hapo fundi hurudi na simiti nzito zaidi, na mwenye nyumba hulaumu uzee wa jengo.

Anza kwa kubandua simiti yote ya zamani, kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutetemesha. Kisha uache ukuta upumue. Kwa kukadiria, hesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 50 ulio wazi pande mbili unahitaji kama miezi kumi, kwa kuwa kila upande hukausha nusu yake. Najua hakuna anayependa kusikia hivyo, hasa aliyekwisha kuchukua mkopo. Lakini plasta inayowekwa juu ya ukuta mbichi ni pesa iliyotupwa. Muda huo utumie kupima nyufa: bandika kipande chembamba cha jasi juu ya ufa, andika tarehe, ukiache kipite kusi na kaskazi. Kikikatika, ukuta bado unatembea, na kazi yako ya kwanza ni msingi na mifereji, si rangi.

Chokaa ndiyo moyo wa kazi. Ukipata ya tanuu, izime kwenye pipa: tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka usoni. Vaa miwani ya kinga na glavu. Ichuje, iache ikiwa imefunikwa na maji wiki tatu kwa uchache. Miezi mitatu ni bora. Ukilazimika kutumia ya mfuko, chagua mfuko mpya usiopigwa na hewa na uiloweke usiku kucha. Kipimo cha kawaida ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wenye chembe kali, uliooshwa. Wa ufukweni usiuguse, kwa sababu unarudisha chumvi ileile unayoikimbia. Mita ya kwanza kutoka chini, panapolowa zaidi, ongeza sehemu 1 ya unga wa vigae vya udongo vilivyosagwa. Husaidia chokaa kushika penye unyevu.

Lowesha ukuta kabla ya kupaka. Kila tabaka lisizidi milimita 10, na uliache wiki moja au mbili kabla ya la pili. Funika kwa magunia mabichi, hasa upande unaopigwa na jua la mchana. Plasta nyingi za chokaa zinazopasuka zilikaushwa kwa haraka, kisha watu wakasema chokaa haifai.

Dari sasa. Vyumba vya kwetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki salama zaidi ya mita tatu hivi. Chukua bisibisi, choma ncha ya kila boriti pale inapoingia ukutani. Ndipo huoza kwanza. Ikizama sentimita mbili bila nguvu, badilisha hiyo tu, uache iliyo nzima. Boriti mpya inunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu, na ncha yake iachiwe nafasi ya hewa, isizungushiwe simiti. Slabu ya zege juu ya kuta hizi naipinga kabisa: ni nzito, na nondo zikipata hewa ya chumvi hupata kutu, kutu huvimba na kupasua zege na mawe.

Mkahawa juu ndio unaonitia wasiwasi. Sakafu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya kilo 150 kwa mita mraba. Ukumbi wa watu waliosongamana hufika 400 na zaidi. Mwite mhandisi. Kama hesabu haikubali, mkahawa uteremke chini, na juu pawe na matumizi mepesi. Na tangi la maji la lita 5,000 ni tani tano. Likae ardhini, juu uweke dogo la lita mia chache. Jiko liwe mbali na makuti, kwa kuwa gari la zimamoto haliingii vichochoroni.

Vibali ni safari nyingine: kaunti, mamlaka ya ujenzi, na Makumbusho ya Taifa, kwani Mji wa Kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Peleka michoro kabla hujagusa hata mlango.

Umeuliza pia rangi. Ya plastiki huziba ukuta kama simiti. Tumia chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mipako minne au mitano, kila mmoja ukikauka siku nzima, na uirudie kila baada ya masika mawili au matatu upande wa bahari.