Oili chafu mtaroni: tuanze na baraza au korti?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi wa kando ya Mto Ngong, Mukuru, Nairobi. Mafundi wa gereji humwaga oili chafu kwenye mtaro unaoishia mtoni. Chifu aliitisha baraza, likavunjika kwa kelele. Wenzangu wanataka twende kortini. Je, mazungumzo bado yanawezekana?

Jibu: Yanawezekana, dada, na Katiba yenyewe, ibara ya 159, inataka upatanisho uhimizwe. Ila baraza mliliita mapema mno. Mbele ya umati fundi hakubali kosa. Anatetea unga wa watoto wake. Anzeni kwa kukaa na kila upande peke yake: mafundi, wanaolima sukuma wiki kando ya mto, mwenye ploti. Muulizeni kila mmoja anaogopa kupoteza nini.

Halafu ufuateni mtaro pamoja, kwa miguu. Asubuhi moja nilipofanya hivyo kwenye mgogoro kama wenu, fundi mzee alichovya kijiti majini kikatoka kimefunikwa utando mweusi. Alikitazama kwa muda, kisha akatuonyesha mwenyewe pale sakafu ya gereji inapoteremkia mtaroni. Kumbe hawakuwa hata na pipa la kukingia! Na oili ile ina wanunuzi; watu huipaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Tukapatana: mapipa mangapi, yatachukuliwa siku gani, ufunguo atashika nani. Hilo la ufunguo lilitula saa nzima, na lilistahili, kwa sababu pipa lisilo na mwenyewe hufurika.

Baraza liitwe baada ya hapo. Andikeni kwa Kiswahili chepesi nani atafanya nini na kufikia lini, kila upande utie sahihi, chifu apewe nakala. Wekeni pia picha za mtaro zenye tarehe.

Jambo moja msilisahau: mkipinga leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ina siku 60. Mazungumzo yasiwamalizie siku hizo. Mwaka 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwa hiyo tunzeni kumbukumbu za kila kikao. Mkishindwa kuelewana, ibara ya 70 ya Katiba inawaruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba mmoja wenu amepata hasara. Nendeni na kumbukumbu hizo mkononi.